Habu, Kitovu na Friwili: Uhakiki wa Istilahi za Gurudumu la Mbele

Madhumuni ya makala haya ni kuhakiki istilahi chache zinazotumika kutajia sehemu za gurudumu la mbele la gari, hususa ile sehemu inayobeba gurudumu na kuzunguka pamoja nalo. Huenda msomaji akajiuliza kwa nini jarida la istilahi litumie kurasa zake kwa ajili ya chuma kimoja cha pikapu kuukuu. Jibu ni kwamba chuma hicho ni kielelezo cha tatizo pana. Mfasiri, mwalimu wa ufundi na mtumishi wa serikali hufanya kazi kwa maneno. Fundi hufanya kazi kwa mikono. Maneno yakikosea, mikono hufunga kisichofaa. Na gurudumu la mbele si mahali pa kufungia kisichofaa.

Pikapu zilizoundwa miaka ya 1970 na 1980 zingali zikitumika mashambani, katika shule na katika vituo vya afya. Mwenye gari la namna hiyo akihitaji habu mpya za mbele, hupaswa kuitafuta sehemu ambayo kiwanda hakiundi tena gari lake. Huitafuta kwa wauza spea wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, au huiagiza ng'ambo kwa barua. Akienda mwenyewe na chuma chake mkononi, hana haja sana ya istilahi, kwani macho yatamtosha. Lakini akiwa mbali, na ununuzi ukiwa wa fedha za umma, hana chombo kingine ila neno lililoandikwa. Hapo ndipo ubora wa istilahi unapopimwa.

1. Kitu chenyewe

Haifai kulihakiki jina kabla ya kukifahamu kitu. Tuchukue mfano wa pikapu aina ya Toyota Hilux yenye kuendeshwa kwa magurudumu yote manne, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1979. Ekseli yake ya mbele ni kipande kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu. Katika kila mwisho wa ekseli hiyo pana ncha ya chuma, yenye uwazi ndani, isiyozunguka. Juu ya ncha hiyo ndipo inapovikwa habu.

Habu ni chuma kinene chenye tundu katikati na bamba la mviringo pembeni. Ndani ya tundu hilo hukandamizwa vikombe viwili vya beringi, kimoja upande wa ndani na kimoja upande wa nje. Beringi zenyewe ni za roli zilizolala mshazari, kwa umbo la pia lililokatwa kichwa, nazo hujazwa grisi. Nyuma yake huwekwa sili ya kuzuia grisi isitoke na uchafu usiingie. Katika bamba hupandwa stadi sita, ambazo rimu hufungwa kwazo kwa nati. Stadi hizo zimepangwa juu ya duara lenye kipenyo cha milimita 139.7, na hesi zake ni za milimita 12, zenye nafasi ya milimita 1.5 kati ya jino na jino. Diski ya breki nayo hufungwa kwa bolti upande wa nyuma wa habu hiyo hiyo.

Habu hushikiliwa isichomoke kwa nati mbili kubwa, zenye washa ya kufungia kati yake. Nati hizo huhitaji spana ya boksi ya milimita 54. Nati ya ndani hukazwa kwa kiasi, kwa sababu ikilegea habu hucheza, na ikikazwa mno beringi huungua.

Je, habu huharibikaje hata ikahitaji kubadilishwa nzima? Mara nyingi kosa huanza katika beringi. Beringi ikikauka grisi hukwama, kisha ikakizungusha kikombe chake ndani ya tundu la habu. Kikombe kikishazunguka, tundu hupanuka. Tangu hapo hata beringi mpya haifai kitu, kwa kuwa kikombe chake hakina mahali pa kushika. Kadhalika bamba laweza kupasuka, au mashimo ya stadi yakalegea. Dereva huona gurudumu linacheza anapolinyanyua kwa jeki na kulitikisa kwa mikono, mmoja juu na mmoja chini. Asipoangalia, siku moja gurudumu hulitangulia gari.

2. Neno moja kwa vitu vitatu

Ugumu wa kwanza hautokani na Kiswahili bali na Kiingereza, ambako wafasiri wetu wengi huanzia. Katika maandishi ya magari ya Kiingereza, neno lililotupatia sisi "habu" hutumika kwa vitu vitatu tofauti.

Kitu cha kwanza ni hicho tulichokieleza: chuma chenye tundu na bamba, kinachobeba gurudumu. Cha pili ni kile chombo kidogo kinachofungwa usoni pa habu katika magari ya magurudumu manne ya zamani, chenye kitufe cha kuzungushwa kwa mkono. Kikizungushwa upande mmoja huunganisha habu na shafti inayopita ndani ya ekseli, na gari likaweza kuvuta kwa magurudumu ya mbele. Kikirudishwa, habu huzunguka peke yake na shafti hutulia. Wamarekani wenye magari hayo wanaposema kwamba wamefunga habu zao, husudia chombo hiki cha pili wala si kile cha kwanza. Cha tatu ni habu ya magari mengi ya siku hizi, ambayo huja pamoja na beringi yake, imezibwa kiwandani, na hubadilishwa yote kwa pamoja bila kutiwa grisi.

Kiwanda chenyewe hakikuliamini neno hilo. Katika orodha za sehemu za Toyota, tarakimu tano za kwanza za namba huonyesha aina ya sehemu. Habu ya ekseli ya mbele huanza na 43502, na chombo cha kuunganishia huanza na 43530. Jina la Kiingereza la vyote viwili lina neno lile lile ndani yake. Namba ndizo zinazovitenga. Hivyo mfasiri anayelichukua neno bila kuiangalia namba wala mchoro amekwisha kupotea kabla hajaandika neno moja la Kiswahili.

3. "Kitovu"

Pendekezo linalowajia haraka wafasiri ni "kitovu cha gurudumu". Faida zake si haba. Ni neno la Kiswahili cha asili, mtoto mdogo analijua, na linaleta picha ya kitu kilicho katikati ya kitu kingine. Aidha linapatana na ule utaratibu ujulikanao wa kuunda istilahi, unaotutaka tuanzie katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, twende katika lugha za Kibantu, kisha lugha nyingine za Afrika, na mwisho tu ndipo tukope ng'ambo.

Hata hivyo, kwa maoni yangu neno hili halifai kwa kazi hii, na sababu zake ni tatu.

Sababu ya kwanza ni ya maana. Kitovu ni mahali. Ni alama katikati ya tumbo. Hakibebi kitu wala hakivikwi juu ya kitu. Ndiyo maana kinafaa sana kwa sitiari: tunasema kitovu cha biashara, kitovu cha utamaduni, na mtu huitamani nchi alikozikwa kitovu chake. Lakini mwanafunzi wa ufundi akiambiwa "kitovu cha gurudumu" ataashiria nukta ya katikati, yaani mahali ambapo katika Hilux hiyo panaonekana kile chombo chenye kitufe. Kwa hiyo neno linaelekeza kidole kwenye kitu cha pili, ilhali mwalimu alikusudia cha kwanza.

Sababu ya pili ni ya uzazi wa maneno. Istilahi njema huzaa nyingine. Tukisema "nati ya kitovu", "sili ya kitovu" na "beringi ya nje ya kitovu", tunapata maneno yanayomfanya mwanafunzi acheke kabla hajaelewa. Kicheko si hoja ya kitaalamu, lakini istilahi inayochekwa karakanani haidumu karakanani.

Sababu ya tatu ndiyo nzito zaidi. Fundi halitumii neno hilo. Fundi wa baiskeli kijijini na fundi wa malori mjini husema "habu". Tukimwandikia kitabu kisemacho "kitovu", tunamtaka ajifunze upya jina la kitu anachokishika kila siku, na hatumpi maarifa yoyote mapya kwa usumbufu huo.

4. "Kikombe"

Wapo watakaoliona neno "kikombe" kuwa bora, kwa kuwa habu ina uwazi ndani kama kikombe. Umbo linakubaliana, lakini neno hilo limekwisha kuajiriwa. Mafundi huita kikombe ile pete ya nje ya beringi ambamo roli au goroli hukimbilia, na jina hilo ni zuri kabisa. Tukiiita habu nayo "kikombe", itatubidi tuandike kwamba kikombe hukandamizwa ndani ya kikombe. Msomaji wa sentensi ya namna hiyo hawezi kujua ni kipi kilichopanuka na ni kipi cha kununua. Tena tofauti ya bei kati ya viwili hivyo ni kubwa. Kanuni ya kale ya istilahi, kwamba katika taaluma moja jina moja liwe la kitu kimoja, inalikataa pendekezo hili.

5. "Friwili"

Isidhaniwe kwamba hoja yangu ni kuyapokea yote yasemwayo na mafundi. Kile chombo cha kuunganishia habu na shafti mafundi wengi hukiita "friwili". Neno hilo limetoholewa vyema kwa sauti, lakini lina kasoro mbili.

Kwanza, lina mwenyewe. Friwili ni ile sehemu ya gurudumu la nyuma la baiskeli, yenye meno ya mnyororo, inayomruhusu mwendeshaji kuacha kukanyaga pedeli na baiskeli ikaendelea kwenda. Hiki ni chombo kingine kabisa, nacho kinajulikana na watu wengi kuliko kile cha Hilux. Pili, neno linataja nusu tu ya kazi. Chombo hiki hakikuwekwa ili habu izunguke huru tu. Kiliwekwa ili mtu achague ama kuiunganisha ama kuiacha huru. Kukiita kwa hali yake moja ni sawa na kuuita mlango "ufunguko".

Kwa hiyo uhakiki hauna budi kukata pande zote mbili. Neno la kamusi halipati kibali kwa kuwa ni la kamusi, wala neno la karakana halipati kibali kwa kuwa ni la karakana. Kila moja lipelekwe mbele ya kitu chenyewe, lipimwe.

6. Mapendekezo

Napendekeza "habu" liwe jina la chuma kinachobeba gurudumu, katika ngeli ya I-/ZI-: habu hii, habu hizi. Kwa wale watakaosema kwamba tunakimbilia Uingereza kabla ya kupekua nyumbani, jibu ni jepesi. Utaratibu wa kuanzia katika Kiswahili ni mwema, lakini Kiswahili hakimo kamusini tu. Neno linalosemwa kila siku na mafundi wa Kiswahili, lenye irabu mwishoni na upatanisho kamili wa kisarufi, limo tayari ndani ya Kiswahili. Kulipokea si kukopa. Ni kuandikisha mali iliyokwisha kuingia nyumbani. "Parafujo" lilitoka Ureno na "gari" lilitoka Bara Hindi, na hakuna leo anayeyaita maneno hayo wageni. Tairi, breki, gia, jeki na spana yalipita njia hiyo hiyo. Kwa nini habu, inayofungwa kati ya tairi na breki, izuiliwe mlangoni?

Kwa ile inayokuja bila beringi wala sili tuseme "habu tupu". Kwa ile iliyokwisha kutiwa beringi, sili na stadi tuseme "habu kamili". Kwa ile ya magari ya siku hizi, ambayo beringi haitenganiki nayo, tuseme "habu-beringi". Majina haya matatu ni mafupi, na kila moja linatoa habari ambayo muuzaji atauliza bila shaka.

Kwa kile chombo cha usoni napendekeza "kifungio cha habu". Kitenzi "funga" ndicho mafundi wanachotumia wanaposema kwamba habu imefungwa au imefunguliwa, hivyo jina linatokana na usemi wao wenyewe, nalo "friwili" libaki kwa baiskeli. Beringi ya roli za mshazari iitwe "beringi ya pia", kwa kuwa walimu wetu wa hisabati tayari wanaliita umbo hilo pia. Na ile sehemu isiyozunguka iitwe "ncha ya ekseli".

Yabaki mambo mawili ya kuangaliwa. La kwanza ni neno "stadi". Katika elimu neno hilo lina maana ya ujuzi, kama tusemavyo stadi za maisha. Sioni kwamba pana hatari: hakuna atakayedhani kwamba stadi sita za habu ni maarifa sita. La pili ni maneno "upande wa dereva". Katika Tanzania, Kenya na Uganda dereva huketi kulia; katika Kongo, Rwanda na Burundi usukani kwa kawaida huwa kushoto. Kiswahili kinasomwa nchi hizo zote, na magari huvuka mipaka. Mwandishi aseme "kulia" au "kushoto" kwa mtu aliyeketi garini akitazama mbele. Kwa ajili ya wasomaji hao hao, ambao wengi wao wamezoea majina ya Kifaransa karakanani, kila kitabu cha ufundi hakina budi kuambatanishwa na mchoro. Neno "habu" litawafikia likiwa na picha yake. Bila picha huenda lisiwafikie.

7. Mfano wa hati ya kuagizia

Tuseme ofisi moja ya wilaya imeandika hati hii: "Tunahitaji vitovu viwili vya magurudumu ya mbele vya pikapu ya Toyota." Sentensi hii haina kosa la sarufi, lakini inaruhusu majibu manne. Muuzaji aweza kuleta habu tupu mbili. Aweza kuleta vifungio viwili. Aweza kuleta habu za pikapu ya magurudumu mawili ya kuvuta, ambazo ni tofauti, kwa kuwa uso wake huzibwa kwa kofia ya grisi wala hauna mahali pa kifungio. Aweza hata kuleta habu za gari la kampuni nyingine, akijitetea kwamba rimu inaingia. Na kweli itaingia, maana duara la milimita 139.7 lenye stadi sita linatumiwa pia na pikapu za viwanda vingine kadhaa. Lakini kuingia kwa rimu si kuingia kwa habu: beringi na ncha ya ekseli zina vipimo vyake.

Sasa tuiandike upya: "Tunahitaji habu tupu mbili za mbele, moja ya kulia na moja ya kushoto, za pikapu Toyota Hilux yenye kuendeshwa kwa magurudumu manne na ekseli ya mbele ya kipande kimoja, namba ya sehemu inayoanza na 43502. Ziwe na stadi sita kila moja. Pamoja nazo ziletwe beringi za pia za ndani na za nje na vikombe vyake, na sili za ndani. Vifungio vya habu havihitajiki. Modeli na namba ya chasisi ni kama zilivyoandikwa hapa chini." Hati hii ni ndefu zaidi, lakini haina mlango wa nyuma. Tena mkaguzi asiyejua ufundi ataweza kuishika mkononi, aikabili bidhaa, na kuona kama ndiyo iliyoagizwa.

Jambo hili limezidi kuwa zito nchini Tanzania tangu Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Muuzaji na mnunuzi wakishindana juu ya hati ya kwanza, hakimu atalazimika kuamua "kitovu" ni nini. Atafungua kamusi, na kamusi itamrudisha tumboni.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba "kitovu" lina asili njema na maana isiyotosha, "kikombe" limekwisha kupewa kazi nyingine, na "friwili" ni la baiskeli. Tumeona pia kwamba "habu" limekwisha kuzoeleka midomoni mwa wanaolihitaji, na kwamba linazaa: habu tupu, habu kamili, habu-beringi, kifungio cha habu.

Funzo kwa wafasiri ni kwamba istilahi ya chombo isitafutwe mezani peke yake. Mwenye kutafsiri kitabu cha gari na akiombe chuma, akigeuze, aulize kila tundu ni la nini na kila nati inashika nini. Funzo kwa walimu ni kulitumia jina moja darasani na karakanani, ili mwanafunzi asilazimike kuwa na Kiswahili cha mtihani na Kiswahili cha kazi. Na kwa watumishi wa serikali wanaoandika hati za ununuzi, ombi ni moja tu: jina liandamane na namba na kipimo. Nyuma ya hati hiyo lipo gari litakalobeba mgonjwa usiku katika barabara ya mashimo, nalo halitasimama juu ya kitu kingine ila zile beringi nne, habu mbili, na uaminifu wa neno lililoziagiza.